Mishono Iliyolala

Mikoba saba ilikuwa imepangwa juu ya kitanda kama wageni wa heshima waliofika kwenye nyumba isiyo na viti. Kila mmoja ulikuwa umevuliwa kifuko chake cheupe cha kitambaa. Fundi alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akijaribu kukumbuka mara ya mwisho alipotoka na mmoja wao. Hakukumbuka, kwa sababu siku hiyo haikuwahi kuwepo. Aende nao wapi? Kununua vifungo? Mkoba wenye kufuli la dhahabu uning'inie begani, ukiufungua unakuta futi ya kupimia, vipande vya chaki na nusu ya andazi? Angeibiwa kabla hajavuka barabara, na mwizi mwenyewe angemwonea huruma.

Yote saba ilitoka kwa mdogo wake. Huyo mdogo alisomeshwa na cherehani. Fundi alikanyaga pedali miaka tisa, sare juu ya sare, magoti yakilia kuliko mashine, ili mtoto asirudishwe nyumbani kwa ajili ya karo. Mtoto akasoma, akafaulu, akaolewa na mwanamume mwenye uwezo, akahamia nchi ya kwenda kwa ndege. Tangu hapo, kila aliposhindwa kuja yeye, ulikuja mkoba. Harusi ya binti wa shangazi: mkoba mwekundu. Mama yao alipolazwa: wa kahawia. Mama alipozikwa: mweusi, mpole, na kikaratasi ndani yake, "Dada, nipo nawe." Fundi alikisoma kile kikaratasi, akatazama chumba kizima kama kweli yupo, akakikunja, akakirudisha. Wa saba, wa bluu, ulifika mwaka jana Fundi alipofanyiwa upasuaji wa tumbo. Aliupokelea wodini, na mgonjwa wa kitanda cha jirani akamuuliza kama unaliwa.

Sasa alikuwa ameamua kuiuza yote, na sababu ilikuwa moja.

Kiwanda cha sweta kilikuwa kimefungwa, na muuza mashine wa mtaa wa pili alikuwa amenunua mashine yao ya kudarizi. Sindano sita. Kioo kidogo cha kubonyeza. Unaichagulia mchoro, unaifungia kitambaa, unakwenda kunywa chai. Ukirudi, kazi ya siku mbili imekwisha, na mashine haijakuomba hata posho. Na mwalimu mkuu wa shule iliyo nyuma ya soko alishasema mbele ya watu: mwakani nembo zote zidariziwe kwenye sweta, amechoka na viraka vinavyobanduka kabla ya mtihani. Sweta mia nane, kila mwaka. Mwenye mashine ndiye mwenye kazi.

"Nakushikia mpaka Jumamosi saa sita," muuza mashine alimwambia. "Kuna mwingine anaiulizia. Saa sita na dakika moja sikujui, Fundi, hata ukinisalimia."

Kibanda cha Fundi kilitenganishwa na cha kinyozi kwa ubao mwembamba, kiasi kwamba mmoja akipiga chafya mwingine anaitikia. Kinyozi aliitwa Daktari. Yeye alidhani ni kwa ajili ya koti lake jeupe; wateja walijua ni kwa ajili ya damu.

"Kwa hiyo unauza zawadi za mdogo wako," Daktari alisema kutoka upande wa pili, mashine ya kunyolea ikinguruma. "Akijua je?"

"Atajuaje? Kwani anakuja?"

"Hapo umenifunga mdomo."

"Ungekuwa unafungika huo mdomo, wateja wako wangekuwa na masikio yote mawili."

Mteja aliyekuwa kwenye kiti akacheka, kisha akanyamaza ghafla, labda akipapasa sikio lake.

Sasa, kuna jambo moja kuhusu Fundi ambalo mtaa mzima ulilijua. Alikuwa na ugonjwa wa mshono. Si ugonjwa wa hospitali. Akiona mshono umepinda, mwili unamwasha. Aliwahi kumsimamisha bwana harusi mlangoni akamtengeneza pindo la suruali huku bibi harusi akisubiri ndani. Msibani, wenzake wakilia, yeye alikuwa anatazama kola ya mhubiri. Na sifa yake ilitoka hapo hapo: mshono wa Fundi umenyooka kama uliochorwa kwa rula, unavaa nguo mpaka kitambaa kinakufa, mshono bado mzima.

Basi mkoba wa kwanza ulipokuja, wakati huo angali na macho makali, aliugeuza, akausogeza dirishani, akaguna. Ngozi, sawa. Kufuli, sawa. Lakini mishono ya mpini na ya kingo zote ilikuwa imelala upande, kila mmoja umeinama kidogo kama watu waliosimama kwenye upepo. Kitu cha bei ile! Alivumilia siku tatu. Siku ya nne alichukua wembe, akaufumua wote, akaenda kwa mshona viatu akaazima mashine yake ya ngozi, akaushona upya. Mstari ulionyooka, uzi wa nailoni, imara. Mshona viatu mwenyewe alipiga mluzi. Wa pili ulipokuja, nao umelala. Akaufumua. Wa tatu, wa nne, wa tano, wa sita, vivyo hivyo, hata akaanza kumsikitikia mdogo wake kwa kuuziwa kazi za wanagenzi. Ni ule wa bluu tu alioushika, akaukagua kitandani hospitalini huku akiwa na nyuzi zake mwenyewe tumboni, akatabasamu. Ulikuwa umenyooka tii. "Hatimaye," alimwambia muuguzi, "wameajiri fundi."

Jumanne asubuhi alivaa gauni lake la kwendea kanisani, akaitia mikoba yote kwenye mfuko mkubwa wa shangazi kaja wenye mistari, zipu haifungi, akaenda kwenye duka linalonunua mikoba ya kifahari iliyotumika. Duka la vioo. Ndani baridi kama mochwari. Mwenye duka, mwanamke wa rika lake, miwani ikining'inia kwa mnyororo shingoni, alivaa glavu nyembamba kabla ya kugusa chochote. Watu wote humo walimwita Madamu, na Fundi akaona asiwe wa kuharibu utaratibu.

"Keti, mama. Ni yako?"

"Yangu. Zawadi. Haijatoka nyumbani hata siku moja."

Madamu aliutoa wa kahawia kwanza. Akaunusa. Akalifungua kufuli, akalifunga, akalisikiliza. Akatazama namba iliyogongwa ndani ya kifuko cha pembeni.

"Ngozi ndiyo yenyewe," alisema taratibu. "Kufuli ndilo lenyewe. Namba ipo. Mama, unajua una nini hapa?"

Moyo wa Fundi ulianza kudarizi. Aliiona mashine ile ndani ya kibanda chake; alikwisha kujua angeiweka wapi, na ni ukuta upi angemwambia Daktari ausogeze.

Madamu akachukua kioo cha kukuzia, akakipitisha kwenye mpini. Kikasimama. Kikarudi nyuma. Kikaenda kwenye kingo, kikasimama tena.

"Hii nani kaishona?"

"Mimi," Fundi alisema, na kifua kikaja mbele chenyewe. "Usiogope, ni uzi mzuri. Ilikuja imelala yote, upande mmoja. Nikasema hapana. Hiyo haitafumuka mpaka wajukuu."

Madamu alikiweka kioo mezani kama anayeweka yai.

"Umefumua mmoja?"

"Sita. Huu wa bluu sikuugusa, ulikuja umenyooka wenyewe."

Madamu aliuvuta wa bluu kwa kidole, hata kioo hakukichukua. "Huu ni feki, mama. Wa barabarani." Kisha akavua glavu moja, na sauti yake ikawa ya mtu anayemweleza mgonjwa. "Ile mishono iliyolala ndiyo mikoba yenyewe. Inashonwa kwa mkono. Mtu mmoja, sindano mbili, uzi mmoja, anakaa na mkoba mmoja siku nzima na ya pili. Mashine haiwezi kuulaza uzi vile. Ndivyo tunavyotambua. Mshono ukinyooka, tunajua si wao."

"Lakini ilikuwa imepinda."

"Haikupinda. Ililazwa."

Msichana wa dukani, aliyekuwa anafuta vioo, aligeukia ukutani. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Fundi aliyaona, na akaona pia kwamba blauzi yake mgongoni imeshonwa vibaya, na kwa mara ya kwanza maishani hakusema kitu.

"Mnaweza kununua kwa kiasi gani?" aliuliza.

Madamu alitaja. Ilikuwa bei ya ngozi na vyuma tu. Haikufika hata robo ya mashine.

"Na nikiirudisha? Nikishona kama ilivyokuwa?"

Madamu alimtazama, na pengine alimwonea huruma, pengine alitaka aondoke kabla mteja mwingine hajaingia. "Niletee mmoja nione."

Siku tatu Fundi hakupokea kazi. Aliweka kibao "Nimefunga" huku amekaa ndani, na wateja walikuwa wanakisoma kibao halafu wanamsalimia.

"Fundi," Daktari aliita Jumatano, "una njaa au una hasira? Nijue nikuletee nini."

"Niletee ukimya."

"Huo hauuzwi upande huu."

Kwenye mkoba wa kahawia, chini ya mpini, palikuwa na sehemu ndogo ambayo mguu wa mashine ya viatu haukufika. Mishono minane ya mwanzo ilikuwa imebaki. Aliitazama kwa mara ya kwanza bila kuihukumu. Kila mmoja ulikuwa umeinama sawa na mwenzake, urefu sawa, mkazo sawa. Ungeweza kuikata na kuipandikiza popote na isingegombana. Akachukua sindano mbili, akaupaka uzi nta ya mshumaa, akafuata matundu ya zamani. Mshono wa kwanza ukalala. Wa pili ukasimama. Wa tatu ukalala upande mwingine, kwa ujeuri. Akafumua. Akarudia. Kufika jioni vidole vilikuwa vimechubuka na mstari wake ulikuwa kama meno ya mtu aliyepigana.

Alhamisi alijaribu mweusi. Hapo akagundua ubaya mwingine. Mashine ya viatu ilikuwa imetoboa matundu yake yenyewe, ya duara, katikati ya yale ya zamani. Alipouvuta uzi ili ukaze, ngozi ikachanika kutoka tundu hadi tundu, taratibu, kwa sauti ndogo, kama stempu zinazotenganishwa.

Alikaa na mkoba wa mazishi ya mama yake mapajani, mpini umening'inia. Kilichomuuma hakikuwa pesa kwanza. Ni kwamba mahali fulani, ambako hatafika, kulikuwa na mtu mwenye sindano mbili aliyekuwa fundi kumliko, na yeye alikuwa amekwenda nyuma yake kwa wembe mara sita akimsahihisha.

Ijumaa mchana alimpigia simu mdogo wake. Ilimchukua muda, maana kuna maneno ambayo hakuwa amewahi kuyatia mdomoni.

"Dada! Salama? Mbona mchana hivi?"

"Salama. Nina shida ya pesa."

Upande wa pili mtoto alikuwa analia kwa mbali, na Fundi akajiuliza ni mtoto gani, maana wa mdogo wake walishavuka umri wa kulia vile.

"Kiasi gani?"

Fundi alitaja, akaeleza habari ya mashine, sweta mia nane, na Jumamosi saa sita.

"Dada, mimi sina," mdogo wake alisema. "Lakini si una ile mikoba? Uza. Ile sita ni pesa nyingi, hujui tu. Uza ile sita ununue mashine yako."

"Sita?"

"Eeh."

"Mbona mimi ninayo saba?"

Yule mtoto akalia tena. Mdogo wake akamtuliza kwa lugha ya huko, kisha akarudi.

"Umejuaje habari ya ule wa bluu?"

"Nimeambiwa dukani. Mbele za watu."

"Ule niliununua mimi, Dada." Sauti ilikuwa imeshuka. "Ile sita alikuwa ananunua yeye, shemeji yako. Kila akinikosea, kesho yake mkoba mezani. Sikutaka kuiona nyumbani. Nikasema bora ikae kwako, siku moja ikufae. Tumeachana mwaka wa pili huu. Watoto wangu wako kwa baba yao, mimi nalea watoto wa watu. Ulipopasuliwa, nikafikiri usipopata kitu utajua. Nikaupata barabarani, kwa mshahara wangu."

"Ungekuja."

"Kwa nauli gani?"

"Basi ungesema!"

"Nilisema! Mwaka ule wa kwanza nilikupigia nikakwambia nataka kurudi nyumbani. Unakumbuka ulinijibu nini?"

Fundi alikumbuka. Alikuwa na sare za watu sitini siku ile, simu ameibana begani. Alimwambia atulie na mume wake, kila ndoa ina mwanzo wake, asimtie mama presha.

"Basi uza ile sita," mdogo wake alisema, amechoka. "Angalau hilo lifanyike."

"Nimeifumua."

"Umeifanyaje?"

"Mishono ilikuwa imelala. Nikaishona upya na mashine ya viatu."

Kwanza mdogo wake alicheka. Alicheka kile kicheko chao cha utotoni, cha kukosa pumzi, na Fundi karibu acheke naye. Halafu kicheko kikabadilika kikiwa bado njiani.

"Huwezi kuacha kitu, eeh? Huwezi! Lazima upite na wembe wako. Matusi yale nimeyala miaka minane nikajua angalau yana faida kwako, na wewe umekaa huko unafumua!" Akavuta pumzi. "Ngoja, mama mwenye nyumba anaita."

Simu ikakatika. Fundi aliendelea kuishika sikioni. Upande wa pili wa ubao, mashine ya Daktari ilikuwa imezimwa.

Jumamosi saa tatu Fundi alimpelekea Madamu ile mikoba, minne mizima na miwili aliyoiharibu, akapokea bei ya ngozi pungufu ya ngozi iliyoharibika. Hakuhesabu. Alizitia pesa kifuani na kwenda moja kwa moja kwa muuza mashine, akijifundisha maneno njiani: nipokelee hizi kama mwanzo, baki nitalipa kwa sweta, unanijua, hunijui leo.

Ilikuwa saa nne kasoro. Mashine ilikuwa imeshatolewa katikati ya duka, imewashwa. Mbele yake alikuwa ameinama mwanamume mwenye shati la mikono mifupi. Fundi alimjua: ndiye mwenye duka la madaftari mkabala na shule, na hajawahi kushona hata kifungo chake mwenyewe, maana kilikuwa kimefungwa kwa pini.

"Uliniambia saa sita," Fundi alimwambia muuza mashine.

"Amekuja na zote, Fundi. Taslimu. Wewe ungekuja na zote?"

Mkono wa Fundi ulikuwa umekwenda kifuani, ukateremka.

"Tena umekuja wakati mzuri," muuza mashine aliendelea bila haya. "Uzi unakatika kila tukijaribu. Wewe si ndiye uliyekichukua kile kitabu cha maelezo ukakisoma chote?"

Alikisoma mara tatu. Alikuwa amekirudisha kimefungwa kwenye gazeti ili kisichafuke.

Angeweza kugeuka akaenda zake. Lakini uzi ulikuwa umepitishwa vibaya, ulikuwa umerukishwa kwenye ndoano ya pili, na alikuwa anauona pale alipo. Akasogea. Akauchomoa, akaupitisha juu, kwenye ndoano, chini, kwenye jicho la sindano. Sindano ya kwanza, ya pili, mpaka ya sita. Akalegeza mkazo kidogo. Akafunga kipande cha sweta kwenye fremu, akabonyeza.

Mashine ikaanza. Ilikuwa na sauti tamu kuliko alivyofikiria. Kwanza lilitokea duara, kisha kitabu kilichofunguliwa, kisha jina la shule herufi kwa herufi, kila uzi umelala pale ulipoambiwa ulale. Wote watatu walisimama wakiangalia. Ilipomaliza ikalia mlio mdogo, kama inayoomba radhi.

"Mungu wangu," mwenye duka la madaftari alisema. Akamtazama Fundi upya, kuanzia viatu. "Dada, mimi hii sitaiweza. Mimi ni mtu wa kalamu. Njoo unifanyie kazi. Nitakulipa kwa mwezi, tutaelewana."

Muuza mashine akamkonyeza, kama vile yeye ndiye aliyempatia bahati.

Fundi alikuwa bado ameweka kiganja juu ya mashine. Ilikuwa ya moto, inatetemeka kidogo.

"Saa ngapi?" aliuliza.

"Saa moja asubuhi, Jumatatu. Uje na mkasi wako, mimi sina. Na nyuzi," alisema akijipapasa mifukoni, akicheka, "nimebaki mtupu leo, mashine imenimaliza. Una chochote hapo ununue nyuzi za kuanzia? Nitakurudishia mwisho wa mwezi."

Fundi alitia mkono kifuani.

"Rangi gani?" alisema.